Barua za Nietzsche: nani alizitunza, nani alizighushi, na sisi tuzisomeje

Bandiko la 1. Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Tumezoea kusema kwamba barua ni nusu ya kuonana. Uzi huu unahusu barua za mtu mmoja, pamoja na dada yake aliyetaka dunia iamini kwamba yeye na kaka yake walikuwa karibu kuliko walivyokuwa kweli. Mtu mwenyewe ni Friedrich Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyezaliwa katika kijiji cha Röcken tarehe 15 Oktoba 1844 na kufariki Weimar tarehe 25 Agosti 1900. Dada huyo ni Elisabeth Förster-Nietzsche.

Kilichonisukuma kuufungua uzi huu ni aibu yangu mwenyewe. Zamani kidogo niliandika makala fupi juu ya upweke wa Nietzsche, nikanukuu humo barua ya miaka ya 1880 ambamo anamwandikia dada yake kwa upole mwingi, kana kwamba ndiye binadamu pekee anayemwelewa. Niliitoa katika kitabu cha mitumba kisichosema barua zake zilipatikana wapi. Baadaye, nilipoanza kusoma Kijerumani kwa kujikongoja, kamusi mkononi, niliitafuta barua ile katika toleo la kihakiki, yaani lile ambalo wahariri wamelilinganisha na karatasi asilia, nisiikute. Makala yangu yote ilikuwa imeegemea ukuta ambao haupo.

Kwanza tuutazame wingi wake. Barua za Nietzsche zilizohifadhiwa, ukijumlisha kadi za posta na rasimu, ni takribani 2,800, kuanzia alizoandika akiwa mtoto mwaka 1850 hadi vikaratasi vya siku za mwanzo za Januari 1889. Si ajabu ziwe nyingi. Mwaka 1869, akiwa na miaka 24, alikwenda kuwa profesa Basel, Uswisi. Mwaka 1879 aliacha kazi kwa sababu ya maradhi, na tangu hapo hakuwa na makazi ya kudumu. Alipanga vyumba Genoa, Nice, Sils-Maria, Turin. Mtu anayeishi hivyo hana baraza la kukaa na wenziwe jioni. Posta ndiyo iliyokuwa baraza lake. Na kwa kuwa macho yalikuwa yakimsumbua, alipenda kadi ya posta, ambayo nafasi yake ndogo ilimpa udhuru wa kuandika machache.

Aliyezitarajia barua hizi ziwe falsafa tupu atashangaa. Kwa mama yake, Franziska, aliyekuwa akiishi Naumburg, anaagiza soseji na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Kwa Franz Overbeck, rafiki yake wa Basel aliyekuwa akimpokelea na kumtumia pesa za pensheni, anaeleza hali ya tumbo, kichwa na mfuko. Kwa Heinrich Köselitz, mwanamuziki ambaye Nietzsche alimbatiza jina la Peter Gast, anatuma karatasi za kusahihishwa kabla kitabu hakijachapwa. Kisha, katikati ya hayo, linakuja jambo kubwa bila kupiga hodi. Tarehe 30 Julai 1881 anamwandikia Overbeck kadi akiwa amejaa furaha, kwa sababu amegundua kwamba anaye mtangulizi katika fikra, naye ni Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi wa karne ya 17.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Nietzsche alipoteza akili Turin mwanzoni mwa Januari 1889. Wakati huo Elisabeth alikuwa Paraguay, ambako yeye na mumewe, Bernhard Förster, mchochezi wa chuki dhidi ya Wayahudi, walikuwa wameanzisha koloni la Wajerumani lililoitwa Nueva Germania. Mume alijiua Juni 1889. Elisabeth alirudi moja kwa moja mwaka 1893, akakuta kaka hajitambui ilhali jina lake limeanza kuvuma Ulaya nzima. Mwaka 1894 alianzisha Hifadhi ya Nietzsche, na Desemba 1895 akapata kwa mama yake haki zote za maandishi kwa malipo ya maki 30,000. Tangu hapo, aliyetaka kumjua Nietzsche ilimbidi apitie mlangoni kwake.

Palikuwa na kikwazo kimoja. Mlinzi wa mlango alihitaji kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyeaminiwa na kaka yake, na barua zilisema vingine. Katika miaka ya 1880 ndugu hawa walikuwa wamekosana vibaya, kwanza kwa sababu ya Lou Salomé, binti msomi kutoka Urusi ambaye Nietzsche alimpenda, mwaka 1882, kisha kwa sababu ya ndoa na Förster mwaka 1885. Hivyo, katika mkusanyo wa kwanza wa barua zake, uliotoka kati ya 1900 na 1909, hasa juzuu ya tano yenye barua kwa mama na dada, ziliingia barua ambazo Elisabeth hakuandikiwa kamwe.

Ombi langu kwenu ni hili: tuijadili mikusanyo ya barua kwa kuuliza si tu mwandishi alisema nini, bali pia karatasi ilipita mikononi mwa nani kabla ya kutufikia.

Bandiko la 2. Bahari Kuu

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa mada nzito. Naomba ufafanuzi wa jambo moja. Kughushi mwandiko wa mtu mwingine kwa makumi ya barua si kazi nyepesi, hasa mwandiko ambao nimesoma mahali kwamba ulikuwa mgumu hata kwa rafiki zake. Je, huyu bibi alikaa akiiga hati ya kaka yake, au alitumia njia gani? Na alikamatwaje?

Bandiko la 3. Kalamu Nyeusi

Swali lako, ndugu Bahari Kuu, ndilo kiini cha ufundi wenyewe. Kwa sehemu kubwa hakuhitaji kuiga mwandiko, kwa sababu malighafi yake ilikuwa maneno halisi ya Nietzsche.

Nietzsche alikuwa na desturi ya kuandika rasimu za barua katika madaftari yake. Rasimu nyingi zilikuwa za barua kwa watu wengine: mama yake, au Malwida von Meysenbug, bibi mmoja mwandishi aliyemheshimu sana. Elisabeth alichukua vifungu kutoka humo, akavigeuza kuwa barua alizotumiwa yeye, kisha akadai kwamba barua zenyewe zimepotea na kilichobaki ni nakala alizonakili kwa mkono wake. Pale ambapo karatasi asilia ingemsuta, jina la mwandikiwa lilipata ajali: mara doa la wino limeangukia hapo hapo penye jina, mara karatasi imeungua pembeni. Neno "mama" likishafunikwa na wino, nani ajue kwamba halikuwa "dada"?

Ndiyo maana uongo huu ulidumu. Msomaji aliyezoea sauti ya Nietzsche aliisikia sauti hiyo hiyo. Sentensi zilikuwa zake. Kilichoibwa ni anwani.

Waliomfichua ni wahariri. Katika miaka ya 1930 lilianza kutoka toleo la kihistoria na kihakiki, na barua zilikabidhiwa kwa Wilhelm Hoppe na Karl Schlechta. Kazi ya mhariri wa namna hii ni kuilinganisha kila barua iliyochapwa na karatasi yake asilia, na baada ya Elisabeth kufariki Novemba 1935 (Hitler mwenyewe alihudhuria mazishi yake) makabati yaliweza kufunguliwa bila mwenyewe kusimama pembeni. Walipolinganisha, waliona barua kama 30 ambazo ama hazina asili ama asili yake ni rasimu kwa mtu mwingine. Hata hivyo juzuu za barua za toleo lile, zilizotoka kati ya 1938 na 1942, zilifika mwaka 1877 tu, kisha vita vikakatisha kazi. Miaka yenye uchafu mwingi haikufikiwa. Umma ulipata ushahidi kamili mwaka 1956, Schlechta alipoueleza katika juzuu ya tatu ya toleo lake la maandishi ya Nietzsche.

Bandiko la 4. Mlezi wa Vitabu

Naomba nisimame upande wa pili kidogo, si kwa kumtetea mwongo, bali kwa kutenda haki.

Mimi kazi yangu ni ya maktaba, na ninajua jinsi karatasi zinavyopotea. Familia inahama, wajukuu wanafungia maandazi, mchwa wanafanya yao. Mwaka 1889 Nietzsche alikuwa mgonjwa wa akili ambaye vitabu vyake havikuwa vikinunuliwa. Elisabeth ndiye aliyewaandikia marafiki wa kaka yake kila upande akiwaomba, akiwabembeleza na wakati mwingine akiwatisha, mpaka wakatoa barua walizonazo. Alilipia nyumba, alilipia makatibu, aliweka maandishi mahali pamoja. Hao wahariri waliomfichua walimfichua kwa karatasi alizozitunza yeye mwenyewe, zikiwemo rasimu zilizomsuta, ambazo angeweza kuzitia zote motoni. Tumwite mghushi, sawa. Lakini alikuwa pia mtunzaji, na mara nyingi katika historia ya nyaraka watu hao wawili hukaa ndani ya mwili mmoja.

Aidha nauliza: Köselitz alikuwa wapi? Nasikia ndiye aliyeweza kuusoma mwandiko ule kuliko wengine. Mbona lawama zote anabebeshwa mwanamke?

Bandiko la 5. Kalamu Nyeusi

Ndugu Mlezi wa Vitabu, hoja yako ya kwanza naikubali bila kupunguza neno. Naongeza tu kwamba bidii ile ya kukusanya na tamaa ile ya kutawala zilitoka chungu kimoja, kwa hiyo siwezi kumshukuru kwa moja nikajifanya sikuiona nyingine.

Kuhusu Köselitz, umegusa kidonda. Mwanzoni yeye na Elisabeth hawakuelewana, lakini mwaka 1900 alikuwa ameshaingia kazini katika Hifadhi ile, na akakaa hadi 1909. Jina lake limo miongoni mwa wahariri wa mkusanyo wa barua, na ni yeye aliyeshirikiana na Elisabeth kuyapanga maandishi ya madaftarini yakawa kile kitabu kinachoitwa "Nia ya Kutawala", ambacho Nietzsche hakukiandika kama kitabu. Mtu aliyeujua mwandiko wa Nietzsche kama kiganja chake hawezi kusema hakuona kitu.

Upande wa pili yupo Overbeck. Yeye alikataa kabisa kupeleka barua zake Weimar, ilikokuwa Hifadhi ya Elisabeth. Elisabeth alimsema vibaya hadharani, lakini Overbeck hakuyumba, na barua zikabaki Basel. Alipofariki mwaka 1905, mwanafunzi wake Carl Albrecht Bernoulli alianza kuchapisha kitabu kuhusu urafiki wa watu hawa wawili. Köselitz, ambaye barua zake mwenyewe kwa Overbeck zilikuwa na maneno makali juu ya Elisabeth, aliyoyaandika kabla hajawa mwajiriwa wake, alikwenda mahakamani kuzuia zisichapwe, akashinda. Juzuu ya pili ilitoka mwaka 1908 ikiwa na mistari iliyopakwa weusi. Sijui kama kuna picha inayoonyesha vita hivi vizuri kuliko ukurasa huo: unaona kwamba kitu kilisemwa, unaona kilikuwa kirefu kiasi gani, na huwezi kukisoma.

Kwa hiyo barua za Overbeck zikawa kipimo. Huko hakuna mkono wa Weimar uliopita.

Bandiko la 6. Nuru ya Alfajiri

Nimefuatilia kwa makini, na nina wasiwasi wa aina nyingine, unaohusu adabu. Mmesema Nietzsche aliandika rasimu. Rasimu ni maneno ambayo mtu hakuamua kuyatuma. Usiku mtu ana hasira, anaandika, asubuhi anachana. Sasa wahariri wanachapa barua aliyoituma na ile aliyoizuia katika mstari mmoja, na sisi tunanukuu zote kana kwamba zina uzito sawa. Je, hilo nalo si namna ya kumsingizia?

Pili, mimi nimesoma mara nyingi kwamba Nietzsche alikuwa mwanafalsafa wa Wanazi. Barua zinasemaje?

Bandiko la 7. Kalamu Nyeusi

Ndugu Nuru ya Alfajiri, nitayajibu maswali yako kwa pamoja, kwa sababu yanakutana kwenye karatasi moja.

Machi 1887 Nietzsche aliandikiwa na Theodor Fritsch wa Leipzig, mchapishaji wa jarida la wapinga Wayahudi, aliyedhani amempata mwenzake. Nietzsche alimjibu mara mbili. Jibu la tarehe 29 Machi linarudisha nakala za jarida alizotumiwa, na linaeleza kwa dharau anavyowaona watu wanaojipa mamlaka ya kuamua thamani ya watu na ya mataifa, na anavyohisi jina la Zarathustra, mhusika mkuu wa kitabu chake, linapotamkwa na vinywa vya namna ile. Barua hizo zilitumwa, zilifika, na kauli yake ina mlengwa anayejulikana. Huo ni ushahidi wa daraja la kwanza.

Mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo, akiwa Nice, aliandika maneno makali zaidi yaliyokusudiwa kwa dada yake kule Paraguay, akimwambia kwamba sasa analazimika kujilinda dhidi ya kundi la mume wake. Hiyo ni rasimu. Toleo la kihakiki linaichapa, lakini linaandika wazi juu yake kwamba ni rasimu, na neno hilo moja ndilo jibu la wasiwasi wako. Rasimu inatuonyesha alichofikiri usiku ule. Haituonyeshi alichokubali kiende kwa mwingine. Mwaka 1882 na 1883, baada ya Lou Salomé na rafiki yao mwanafalsafa Paul Rée kuondoka maishani mwake, aliandika rasimu nyingi za matusi na za kujihurumia, moja ikikanusha nyingine. Akizisoma mtu kama barua zilizotumwa, atadhani Lou alipigwa mawe kila siku. Tarehe 25 Desemba 1882 alimtumia Overbeck barua halisi, akimwambia kwamba asipovumbua ufundi wa wale wageuzao vitu kuwa dhahabu, akaugeuza hata uchafu huu, basi amepotea. Kwangu mimi sentensi hiyo moja iliyotiwa stempu ina uzito kuliko rasimu zote zile.

Sisemi barua zinamsafisha kwa kila jambo. Vitabu vyake vina kurasa ngumu kuhusu vyeo, nguvu na wanyonge, na barua haziziondoi. Lakini kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi iliyopangwa kisiasa, msimamo wake umeandikwa, na aliyenufaika na kuufanya uonekane hafifu ni yule yule aliyeshika funguo.

Bandiko la 8. Bahari Kuu

Sasa naelewa. Basi tuelekeze: toleo gani linaaminika, na je, ni lazima mtu asome pia barua alizoandikiwa, au za kwake zinatosha?

Bandiko la 9. Kalamu Nyeusi

Toleo linaloaminika ni la Waitaliano wawili, Giorgio Colli na Mazzino Montinari. Nia yao ya mwanzo ilikuwa kumtafsiri Nietzsche kwa Kiitaliano. Walipoona hakuna matini ya Kijerumani ya kutegemewa, Montinari alikwenda Weimar mwaka 1961, wakati mji huo uko Ujerumani Mashariki, na kuanza kusoma karatasi zenyewe katika Hifadhi ya Goethe na Schiller, zilikokuwa zimehamishiwa baada ya vita. Juzuu za barua zilianza kutolewa na Walter de Gruyter wa Berlin mwaka 1975. Colli alifariki 1979, Montinari 1986. Wengine waliendeleza maelezo na ufafanuzi hadi 2004. Mwaka 1986 zilitoka pia juzuu 8 za bei nafuu zenye barua za Nietzsche peke yake, na leo matini yake yanasomeka bila malipo kwenye mtandao wa Nietzsche Source, unaosimamiwa na Paolo D'Iorio.

Tofauti kati ya toleo kubwa na lile dogo ndiyo inayojibu swali lako la pili, maana toleo kubwa lina pia barua alizoandikiwa. Chukua mfano mmoja. Mwanzoni mwa 1882, akiwa Genoa na macho yamechoka, Nietzsche alipata mashine ya kuandikia ya Malling-Hansen kutoka Copenhagen, inayofanana na nusu tufe iliyochomekwa vitufe na iliyoandika kwa herufi kubwa tu. Mwezi Februari alimwandikia Köselitz sentensi ambayo siku hizi inanukuliwa na kila anayezungumzia teknolojia, kwamba vyombo vyetu vya kuandikia navyo vinashiriki katika kuyafanyiza mawazo yetu. Ukiisoma peke yake, utaona ni ufunuo. Ukisoma barua ya Köselitz iliyotangulia, utakuta ni Köselitz aliyeanza, kwa kubashiri kwamba huenda chombo kile kikampa Nietzsche namna mpya ya kusema. Nietzsche anamwambia, kwa kifupi, una haki. Sentensi maarufu ni nusu ya mazungumzo ya marafiki wawili, na nusu nyingine imesahauliwa.

Vivyo hivyo kwa Georg Brandes, mhakiki wa Copenhagen, aliyemwandikia kwa mara ya kwanza Novemba 1887 na kuiita fikra yake "uradikali wa kiungwana", jina ambalo Nietzsche alilipenda mno. Brandes ndiye aliyemwelekeza kwa Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark. Februari 1888 Nietzsche alijibu kwamba anakusudia kumshughulikia. Muda haukutosha.

Bandiko la 10. Mlezi wa Vitabu

Kabla uzi haujapoa, tuzungumzie vile vikaratasi vya mwisho. Je, vinastahili kukaa pamoja na barua nyingine, au ni nyaraka za hospitali?

Bandiko la 11. Kalamu Nyeusi

Nadhani vinastahili, na sababu yangu ni kwamba viliandikwa kama barua na vilipokewa kama barua.

Katika siku chache za kwanza za Januari 1889 Nietzsche alituma kutoka Turin vijibarua vifupi kila upande, vingine vikiwa na sahihi ya Dionysos, mungu wa mvinyo wa Wagiriki wa kale, vingine ya Msulubiwa. Cosima Wagner, mjane wa mtunzi wa muziki Richard Wagner, alipata vya kwake, Brandes chake, Strindberg, mwandishi wa tamthilia wa Uswidi, chake, Köselitz chake. Overbeck na mkewe waliandikiwa, miongoni mwa mengine, kwamba wapinga Wayahudi wote wanapigwa risasi, jambo linaloonyesha kuwa hata akili ilipokatika, ugomvi ule wa Machi 1887 ulikuwa bado haujaisha ndani yake.

Barua ndefu kuliko zote ilikwenda kwa Jacob Burckhardt, mwanahistoria mzee wa Basel. Nietzsche aliiandika tarehe ya 6 Januari, ilhali muhuri wa posta unaonyesha ya 5. Hapo mhariri anauamini muhuri. Inaanza kwa kusema kwamba hatimaye angependa zaidi kuwa profesa wa Basel kuliko kuwa Mungu, na ndani yake anadai kwamba yeye kimsingi ni kila jina lililomo katika historia. Burckhardt hakukaa kuitafakari. Aliichukua hadi kwa Overbeck. Overbeck akaipeleka kwa daktari wa wagonjwa wa akili, Ludwig Wille, ambaye alimshauri aondoke upesi. Akapanda treni na kufika Turin tarehe 8.

Alimkuta rafiki yake amejikunyata kwenye kona ya kochi, ameshika karatasi za mwisho za kusahihisha za kijitabu chake dhidi ya Wagner. Tunayajua haya kwa sababu wiki moja baadaye, tarehe 15 Januari, Overbeck alikaa akamwandikia Köselitz kila alichokiona, na barua hiyo ipo.